Mzee Mstari na Sentimita Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi nasi. Leo tunamkumbuka fundi wa mitambo ya uwanja wa ndege, maarufu kama Mzee Mstari. Alifariki Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Sabini na mmoja. Mjane wake alipotupokea sebuleni alitupa sharti moja tu: "Msimpambe. Mume wangu alikuwa na wivu. Siyo wa mapenzi, huo ningeufurahia. Wivu wa kazi."

Basi hatumpambi.

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Mstari alitunza mtambo wa redio uliosimama mwisho wa barabara ya kurukia ndege. Mtambo ule ulituma mawimbi angani, na rubani akayafuata kama mstari mpaka chini, hata ukungu ukifunika kila kitu. Kila asubuhi alifuta antena zake kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Nyasi zikirefuka, alizikata mwenyewe. Ndege ikitua salama alisema, "Kashika mstari wangu." Wangu, wasikilizaji. Siyo wa uwanja.

Akaja fundi wa kike, kijana. Mzee ndiye aliyemfundisha kuchomelea waya, akamwita "mwanangu". Siku mkuu wa uwanja alipomkabidhi binti huyo kazi ya kufunga kituo kipya cha setilaiti, neno "mwanangu" likakoma. Akawa "yule bibie".

Kituo chenyewe kilikuwa hivi. Setilaiti humwambia rubani yuko wapi, lakini hukosea mita kadhaa. Kwa hiyo chini huwekwa kituo ambacho mahali pake panajulikana barabara. Kituo husikiliza setilaiti, huona zimekosea kiasi gani, na masahihisho hurushwa juu tena hadi yamfikie rubani anayeshuka. Lakini kituo kisipojua vizuri chenyewe kiko wapi, kazi yote ni bure.

"Kwa hiyo sasa mstari utatoka mbinguni?" Mzee alimuuliza mbele ya mafundi. "Basi na nyasi akakate malaika!"

Mafundi wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, akaendelea kukaza nati zake. Hapo ndipo Mzee alipoumia. Angalau angenuna!

Sasa sikilizeni. Urefu wa antena kutoka ardhini hupimwa na watu wawili, kila mtu na karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake; namba zikitofautiana, hupimwa upya. Binti akapima, akaandika. Mzee akapanda ngazi, akapima. Aliposhuka, karatasi ya binti ilikuwa juu ya sanduku la vifaa. Akachungulia. Namba zilitofautiana kwa sentimita kumi na moja. Binti alikuwa ameishia kwenye kitako cha antena, badala ya kufika kwenye alama iliyochongwa juu yake.

Mzee alijua namba ile ikienda makao makuu, hesabu zingegoma. Kituo kingekataliwa, mradi ungehamishiwa uwanja mwingine, na mstari wake ungebaki. Akanakili namba ya binti. Akatia sahihi.

"Alirudi nyumbani anapiga mluzi," anasimulia mjane. "Nikamwuliza, umepandishwa cheo? Akajibu, 'Kuna mtu anashushwa.'"

Kesho yake, wakinywa chai, binti akamwambia: "Mzee, unajua kwa nini naupenda mtambo huu mpya? Siyo kwamba haukosei. Ukikosea, unamwambia rubani asiuamini. Ndani ya sekunde sita."

Sekunde sita. Mzee akakiweka kikombe chini. Yeye alikuwa amenyamaza siku nzima, na akanyamaza nyingine. Jioni ya siku hiyo nyingine akamweleza mkewe yote.

"Baba watoto," mkewe akamwuliza, "umechungulia karatasi ya mwanao?"

Asubuhi yake, bahasha ya vipimo vya kwenda makao makuu ikiwa karibu kufungwa, alisimama mbele ya mafundi wote. "Namba ya bibie si sahihi. Na yangu siyo yangu, nimenakili. Nilitaka aanguke."

Mkuu alimwondoa kwenye kazi ya vipimo mwaka mzima. Binti alipima upya, na kituo kikakubaliwa. Miaka miwili baadaye mtambo wa zamani ulizimwa. Mzee alibonyeza swichi kwa mkono wake, akaenda nyumbani bila kuaga mtu.

Wivu haukuisha, wasikilizaji wapendwa. Hata alipostaafu, ndege ikipita juu ya paa alisonya: "Ya bibie hiyo. Imepinda kidogo."

Binti yule leo ndiye mkuu wa mafundi. Alituambia, "Hakuwahi kunisifu. Lakini vipimo vyangu vyote nilimpelekea nyumbani avihakiki. Waliokuwa wananipenda walinipitishia tu. Yeye hakunipenda kiasi cha kunipendelea. Wiki ijayo tunafunga antena mpya, na sijui karatasi ya pili nimpe nani."

Tunampa pole mjane, watoto, wajukuu na mafundi wote wa uwanja. Mola ampumzishe.

Nawe unayetusikia: kama kuna mtu unayemwonea wivu, umeliona kosa lake, na umenyamaza ukisubiri aanguke, inuka umwendee. Wivu wako nenda nao, si lazima uuache nyumbani. Lakini mwambie.