Msipige Makofi Kabla ya Mvua ya Pili

Zima hiyo televisheni, Rwamba, na simu yako uiweke kifudifudi mezani, kwa maana leo sitaki kurekodiwa, nataka kusikilizwa, na hayo ni mambo mawili ambayo watu wa siku hizi wameyachanganya kabisa. Nelius, mwanangu, niinue kidogo. Weka mto hapo mgongoni. Mama yenu akae pale dirishani ninapoweza kumwona. Daktari amenirudisha hapa nyumbani Majimbo kwa maneno matamu, lakini mimi si mtoto, najua mtu akiambiwa "Mzee, nenda nyumbani ukapumzike" huwa anaambiwa nini. Basi tegeni masikio, maana pumzi niliyo nayo haitoshi kurudia.

Tuanze na shamba tulimalize, najua ndilo linalowakosesha usingizi. Shamba la muguka kule Ishiara ni lenu nyote wawili, nusu kwa nusu, na mpaka ni ule mti wa mukau nilioupanda Nelius alipozaliwa. Asije mtu akasema huyu ni msichana ameolewa, hana lake. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka yeye mwenyewe aichoke. Yameisha hayo. Sasa tuje kwa jambo linalonichoma moyo mpaka dawa zinakataa kufanya kazi.

Mnajua kwamba mimi, Nyamu wa kinanda, pamoja na Mbaabu na Kiambi tulianzisha bendi tukiwa vijana, tukaiita Thuci, jina la mto wa mpakani, kwa sababu Mbaabu mpiga ngoma alitoka ng'ambo ile ya Meru, na mimi na Kiambi wa gitaa la besi tulitoka huku. Wenzetu walipiga muziki wa kucheza. Sisi tulipiga roki ndefu, ile ya kinanda na gitaa kufukuzana, mapigo yanabadilika katikati ya wimbo mpaka mtu aliyesimama kucheza anabaki na mguu mmoja hewani. Walitucheka sana. Baadaye wakatuzoea, na mwishowe, sijui kulitokea nini, wakatupenda.

Na walitupendea wimbo mmoja, "Mvua Mbili". Sehemu ya kwanza ni mvua ya Machi. Halafu kinakuja kiangazi: vyombo vyote vinanyamaza, kimya kabisa, mpaka unasikia mtu wa nyuma akimeza mate. Kisha Mbaabu anaanza polepole kwa mapigo ya saba, yanayohesabiwa saba saba, tone moja, tone jingine, na mvua ya pili inaingia, ile ya Oktoba, ile ambayo sisi wa Mbeere tunaitegemea kwa mawele na kila kitu. Huo ndio wimbo wenyewe, wanangu. Ile sehemu ya kwanza ni mlango tu.

Sasa niambieni, hiyo mvua ya pili nani ameisikia? Hakuna! Mwenye studio aliyetengeneza santuri yetu aliukata wimbo palepale penye kiangazi, akasema umekuwa mrefu, redio ikaupiga hivyohivyo, na watu wakaukariri hivyohivyo mpaka wameota mvi. Ninapendwa na watu wengi, na wote wananipendea nusu.

Nilipozeeka nikadhani nimepata nafasi, vijana walipoufukua huo wimbo kwenye mtandao na kutuita tupige tena. Ukumbi hapa Embu ulijaa, wazee wenye mikongojo, vijana wenye fulana zenye sura zetu. Walinipandisha steji kama wanaopandisha friji. Nikikaa, makofi. Nikivaa miwani, makofi. "Guka, babu yetu, uko fiti!" Mama mmoja alitokwa na machozi kwa sababu nilikohoa, jamani! Sikuwa nimegusa kinanda bado. Nikajua hawa hawakuja kusikia vidole vyangu, wamekuja kushangaa kwamba bado vipo.

Tukapiga mvua ya kwanza, nayo tuliipiga vizuri, siwezi kujinyima hilo. Kikaja kiangazi, na kabla sijavuta pumzi, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi na mbinja, "Tena! Tena!" Wakulima hao! Watu wanaoweza kungoja mvua kutoka Juni mpaka Oktoba wakitazama mlima, wameshindwa kungoja kimya cha wimbo. Kiambi akayapoteza mapigo kabisa. Tukarudia mvua ya kwanza, nikaenda nyumbani nikiwa na hasira hata chakula sikugusa.

Rwamba, unakumbuka uliniambia nini siku ile? Uliniambia, "Baba, watu wanakupenda, unataka nini tena?" Jibu lako ndilo hili: nataka wajue wanachokipenda. Nimewalimia shamba zima, wao wanasimama langoni wakisifu ua.

Tukaitwa Meru. Njiani nikamshika Mbaabu mkono, nikamwambia, wapige makofi, wapige mbinja, hata paa likianguka, wewe ingia na yale mapigo ya saba. Akasema sawa. Kiangazi kikafika, makofi yakaanza, na mama yenu Wamuyu, ambaye tangu anioe ama nimwoe amekuwa akiita muziki wangu kelele, akasimama katikati ya watu akapaza sauti, "Nyamazeni! Hawajamaliza!" Wakamcheka, wakampiga video, ikaenda kila mahali, shosho wa roki, bibi wa roki. Lakini walinyamaza! Usicheke, Mama Nelius, ni wewe peke yako uliyewahi kuwanyamazisha. Kukawa kimya kile nilichokiota maisha yangu yote, vidole vyangu viko juu ya kinanda, namtazama Mbaabu.

Halafu emsii, mwongoza shughuli, akadhani tumekwama. Akadhani uzee umetushika, maskini wazee, wamesahau wimbo. Akanyakua maiki, akamwita mchungaji afunge kwa maombi ili tukapumzike. Na mchungaji akaomba, akaomba, akamshukuru Mungu kwa miaka yetu. Nanyi mnajua kwetu sisi, ombi la kufunga likishasemwa hakuna kitu tena, watu wanabeba viti. Nikamkodolea Mbaabu macho, piga, piga, mwanamume, piga! Yeye ni mzee wa kanisa. Alikuwa amefumba macho. Akaitikia "Amina" kubwa kuliko ya mtu yeyote mle ndani, akaweka vijiti chini, akachukua kofia yake. Tangu siku hiyo sijazungumza naye.

Maji kidogo. Asante.

Sikilizeni sasa, hili ndilo agizo. Kinanda ni cha Nelius, kwa sababu mvua ya pili nimemfundisha yeye, na kile kitufe kinachonata asikitengeneze, anajua kukipitia. Siku ya kunizika, kabla emsii hajashika maiki, kabla mheshimiwa yeyote hajasalimia watu, wimbo upigwe mzima. Mchungaji aambiwe mapema kwamba ombi ni baada ya mvua ya pili. Rwamba, kazi yako ni hiyo: ukae karibu na maiki, asiiguse mtu, hata akiwa gavana. Shida ni ngoma. Yale mapigo hakuna mwingine anayeyajua ila yule mtu, na mimi...

Nani huyo anapiga hodi? Nelius, mbona unatazama chini? Ulimpigia simu?

Ingia, Mbaabu. Usisimame mlangoni kama mgeni. Umekonda. Hapana, usianze kuniombea, keti kwanza! Unasema nini? Eti, "Nyamu, mtu akiomba nifanyeje, nimpigie ngoma?" Ungefumbua jicho moja, Mbaabu! Jicho moja tu! Mungu angekukasirikia kwa jicho moja?

Haya, naona unalia, na mimi nikilia nitamaliza pumzi. Yamekwisha. Nipe mkono.

Wanangu, sogezeni vichwa niwatemee mate ya baraka kama baba yangu alivyonitemea. Mzae, mpande, mvune. Msigombane kwa sababu ya ule mti. Mkifanya kitu, mkifikishe mwisho wake, hata kama watu wamesharidhika katikati. Na mama yenu... mama yenu asikae peke yake.

Nelius, nenda kwenye kinanda, acha mlango wazi. Rwamba, mletee Mbaabu lile karai la bafuni alipindue liwe ngoma. Kiambi hayupo, tutamsamehe. Piga, mwanangu, anza na ya Machi.

Ndiyo... polepole... hapo. Vizuri.

Wamuyu, sogea. Sasa kinakuja... kiangazi. Mimi pia nitanyamaza. Nikinyamaza msipige makofi, msilie, asiite mtu mchungaji. Mbaabu... macho wazi. Usiseme Amina.

Ngojeni kwanza.