Jumwa Kenga wa Junda na Mbio Zake za Baiskeli, 1995–2025

Jumwa Kenga alizaliwa Junda, Kisauni, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1995. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Kenga Ngumbao na Mama Dhahabu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Junda, akamaliza darasa la nane mwaka 2009 na kidato cha nne mwaka 2013. Walimu walimkumbuka kwa mwandiko safi na kwa kutochelewa.

Mwaka 2014 aliajiriwa kutandika vitanda katika hoteli moja ya Shanzu. Alikwenda kazini kwa baiskeli ya kaka yake, na njiani ndipo kocha Hashim alipomwona, akamwingiza katika mbio za kufukuzana: wanawake wawili huanza pande mbili za uwanja zinazoelekeana, kila mmoja akimfukuza mwenzake, na anayemfikia mwenzake ndiye mshindi. Katika shindano lake la kwanza, mwaka 2016, Jumwa alimfikia mpinzani wake, Rahima, aliyemzidi umri. Badala ya kumpita, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, dada. Naomba njia."

Rahima, akihema, akajibu, "Marahaba, mdogo wangu. Pita."

"Jumwa!" kocha akapaza sauti. "Hapa watu hawaamkiani, wanafukuzana!"

Alishinda hata hivyo, na baadaye akashinda mara nyingine nne. Lakini jambo moja lilimuuma. Baba yake, mzee wa kanisa, hakuridhia mwanamke avae kaptura ya kubana mbele ya watu, wala hakukanyaga uwanjani. Kila shindano Jumwa alimweleza siku na saa. Kila mara Mzee alijibu, "Nimesikia."

Tarehe 8 Desemba 2018 aliolewa na Changawa Nzai, fundi wa baiskeli. Mwaka 2020 walijaliwa binti, Cindy.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Tarehe 15 Februari 2025 aliomba kushindana mara ya mwisho. Mzee Kenga akaja, amevaa suti yake ya kanisani. Jumwa alifikiwa na mpinzani katika mzunguko wa sita.

"Baba, umekuja siku niliyoshindwa."

Mzee akamshika mikono yote miwili. "Huyu ndiye mgonjwa, anayekwenda hivi? Mzima alikuwaje?"



Jumwa alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Ameacha mumewe, Changawa. Binti yake, Cindy. Mama yake, Dhahabu. Kaka yake, Ngumbao. Na baba yake, Mzee Kenga, aliyemwona akishindana mara moja tu.

Bwana ampokee Jumwa, ampumzishe.