Sifuri ya Tarehe 16 Novemba: Wasifu wa Marehemu Timotheo Sefania Shemkole

Marehemu Timotheo Sefania Shemkole alizaliwa Mlalo tarehe 2 Juni 1965, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Sefania Shemkole na Mama Efrazia, ambao wote wawili wamemtangulia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka sita Timotheo aliuliza kwa nini maji ya mfereji yanafika kwa jirani kabla ya kwao. Aliambiwa kwamba ndivyo yalivyo. Kesho yake hakuonekana hadi jioni, akarudi na matope hadi magotini. Alikuwa ameufuata mfereji hadi kwenye chanzo ili aone mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoishi hadi mwisho: hakusema jambo ambalo hakwenda kuliangalia. Jambo la namna hiyo alilisema mara moja tu, na tutalieleza hapa kwa sababu mwenyewe aliagiza lielezwe.

Alisoma shule ya msingi hapa Mlalo kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari Lushoto mjini hadi 1983. Mwaka 1985 alipata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu mjini Tanga.

Mwezi Machi 1986 aliajiriwa kuwa karani katika shamba la chai Kwamkoro, Usambara ya Mashariki. Kati ya kazi zake ilikuwepo kupima mvua kila siku saa tatu asubuhi, kwa kipimo kilichosimikwa uwanjani mbele ya ofisi. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na saba. Mwaka 1993 shamba lilinunua kompyuta yenye mfumo wa Unix, ule ambao mtu huuamuru kwa kuandika maneno kwenye skrini nyeusi. Fundi aliyeileta alikaa siku nne, akaacha vitabu viwili vinene vya Kiingereza, akaondoka. Marehemu alivisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi, ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya kazi, na akifika mwisho anaanza tena. Akajifunza kuandika skripti, yaani amri zilizopangwa ili kompyuta izifuate yenyewe. Kitu cha kwanza alichoingiza humo ni mvua yote ya Kwamkoro, siku kwa siku.

Mwaka 2004 aligundua jukwaa la mtandaoni ambako waandishi wa programu wa nchi nyingi huulizana maswali. Kwamkoro hakukuwa na mtandao. Kila Jumamosi aliteremka Muheza, akalipia saa moja kwenye duka la kompyuta, akanakili maswali kwenye daftari kwa kalamu, akapanda nayo mlimani. Wiki nzima aliyajaribu kwenye mashine ya ofisi baada ya kazi. Jumamosi iliyofuata aliteremka na majibu. Kwa hiyo jibu lake lilifika wiki moja baada ya swali, wakati watu kumi wameshajibu, na mara nyingi lilikuwa ndilo la kwanza lililofanya kazi. Chini ya kila jibu aliandika maneno mawili: Imejaribiwa Kwamkoro.

Mtu mmoja wa nchi ya mbali aliwahi kuandika kwa hofu kwamba ameifuta kazi ya ofisi nzima kwa amri moja aliyoikosea. Bahati nzuri siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Marehemu alimjibu pale pale: "Toa mikono kwenye kompyuta. Kunywa maji. Usiandike chochote mpaka nikuambie." Walikaa wakiandikiana kwa saa nne, duka likafungwa naye akiwa ndani kwa huruma ya mwenye duka. Kazi ilipatikana karibu yote. Mtu yule aliandika mwisho, "Asante, bwana, wewe ni kampuni gani?" Alijibu kwamba yeye ni karani wa chai.

Mifano yote katika majibu yake ilikuwa ya mvua ya Kwamkoro. Aliyeuliza namna ya kujumlisha safu ya namba alijumlishiwa mvua ya Aprili. Aliyetaka kutafuta neno ndani ya faili kubwa alitafutiwa siku kavu. Na kwa kila mtu alirudia onyo moja: pasipopimwa, msiandike sifuri, acheni wazi. Sifuri maana yake tulipima tukakuta hakuna. Nafasi tupu maana yake hatujui.

Tarehe 16 Novemba 1996, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Klara binti Alen wa Vuga, aliyekuwa muuguzi katika zahanati ya shamba. Waliohudhuria na ambao wapo hapa leo wanaikumbuka mvua ya siku hiyo. Gari la bibi harusi lilikwama, Klara akatembea hadi kanisani na viatu mkononi. Wapishi waliuinua wali juu ya meza kuokoa sufuria. Jumapili saa tatu asubuhi, bwana harusi wa jana alikwenda uwanjani kupima kama kawaida. Kipimo kilikuwa kikavu. Vijana wa kwaya walikuwa wametandika turubai la harusi juu yake, wala hakuna aliyekumbuka. Meneja hakutaka nafasi tupu katika taarifa ya mwezi. Marehemu akaandika sifuri kwenye tarehe 16. Huo ndio uongo wake mmoja tunaoujua, na hakumweleza mtu yeyote isipokuwa mke wake na binamu yake mmoja. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu: Jackline, Davis na Loyce.

Mwaka 2005 aliletwa ofisini karani mpya, Hafidhi, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Korogwe. Marehemu alimfundisha Unix kuanzia herufi ya kwanza, kwa vitabu vile vile viwili. Hafidhi alikaa nyumbani kwao miaka saba. Mwezi wa Ramadhani Mama Klara alimpikia futari, na yeye ndiye aliyepanda ngazi kutundika nyota ya Krismasi. Jumamosi ambazo marehemu alikuwa na homa, Hafidhi ndiye aliyeteremka Muheza na daftari. Mwaka 2012 alikwenda kufanya kazi Dar es Salaam, na katika harusi ya Jackline mwaka 2019 jina lake lilichapwa kwenye ratiba: kaka wa bibi harusi.

Marehemu aliacha kazi ya shamba mwaka 2013, akarudi Mlalo kulima karoti na kabichi, na akaendelea kujibu maswali kwa simu ya intaneti aliyonunuliwa na Davis. Hadi mwaka 2022 alikuwa ametoa majibu 6,412. Hakuna hata moja aliloombea malipo.

Mwezi Septemba 2021 Jackline alileta nyumbani kitabu alichokiona dukani Dar es Salaam, cha kurasa mia tatu, kuhusu Unix na skripti. Jina la mwandishi lilikuwa la Hafidhi. Nyumba ilifurahi. Mama Klara alivaa miwani, akawa anafungua kurasa tu kwa fahari, hata asielewe. Akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Baba Jackline," alisema, "harusi yangu inafanya nini humu?"

Ulikuwa mfano wa mvua. Novemba 1996, siku thelathini, na tarehe 16 sifuri. Marehemu alikichukua kitabu, akakisoma hadi mwisho kwa siku mbili. Yalikuwa majibu yake, neno kwa neno, na maneno mawili ya chini yameondolewa. Katika dibaji mwandishi alieleza kwamba takwimu za Kwamkoro alizikusanya mwenyewe. Alishukuru watu wengi.

Marehemu hakusema lolote hadharani. Alimpigia Hafidhi simu mara tatu, haikupokelewa. Lakini msomaji mmoja wa kitabu alikwenda kwenye jukwaa akalalamika kwamba mzee fulani wa Mlalo ameiba maandishi ya kitabu. Jukwaa lilikuwa limehamishiwa mtambo mpya mwezi Oktoba 2021, na majibu yote ya zamani yalikuwa yamepata tarehe moja, ya siku ya kuhama, kwa hiyo haikuonekana nani alitangulia. Wasimamizi wakamwandikia Hafidhi kumuuliza. Neno lake moja lilitosha. Tarehe 11 Februari 2022 jibu lake lilitumwa kwa marehemu pamoja na taarifa ya kumfungia:

"Simfahamu mtu huyu."

Majibu yote 6,412 yaliondolewa. Marehemu aliizima simu ile ya intaneti, akaenda kupalilia karoti, na hakuiwasha tena hadi Pasaka.

Mama Klara alimwambia alichokuwa akikiona yeye: "Waandikie habari ya sifuri. Waulize yeye aliipima wapi."

"Nitakuwa nawaambia watu elfu sita kwamba niliwakataza jambo nililolifanya."

"Wewe unaona aibu ya sifuri. Yeye haoni aibu ya kukukana?"

Hakuandika kwa zaidi ya miaka miwili.

Mwezi Mei 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda shambani. Madaktari walikuta moyo umetanuka. Alitibiwa Lushoto na baadaye Moshi, na familia inawashukuru wauguzi wote waliomhudumia. Binamu yake Athumani, ambaye ni mtani wake tangu utoto, alikuja wodini na kusimama mbele ya wagonjwa wote.

"Poleni, ndugu zangu. Huyu mnayemwona ni mtu wa kwanza Usambara nzima kuibiwa mvua."

"Nikifa usije kwenye msiba wangu."

"Nitakuja kula. Na turubai nitalitandika mimi, nijue pa kuliweka."

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja. Wiki iliyofuata, mwezi Oktoba 2024, alimwita Jackline akamtamkia barua kwa wasimamizi wa jukwaa, naye akaiandika. Barua ilieleza harusi, turubai, na aibu yake. Mwisho ilisema: "Sifuri hiyo si kipimo. Ni kosa langu, nalikiri kwa wote niliowafundisha. Mwenye kitabu aulizwe ya kwake ilitoka wapi."

Wasimamizi walimuuliza Hafidhi. Alijibu kwamba siku hiyo Kwamkoro kulikuwa kukavu, alipima mwenyewe. Mwezi Novemba 1996 Hafidhi alikuwa na miaka kumi na mitano, anasoma Korogwe. Tarehe 21 Januari 2025 majibu yote yalirudishwa, na jina la Timotheo Shemkole juu ya kila moja. Jackline alimletea simu kitandani aone. Aliangalia, akateremsha kidole akisoma moja baada ya jingine, akairudisha.

"Majibu yamerudi," alisema. "Hafidhi hajarudi."

Alijua wazi kilichomuumiza. Kitabu angempa kwa mikono yake miwili kama angeombwa. Ni ile sentensi ya maneno matatu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akimwita baba mezani kwake, iliyomkaa kifuani zaidi ya ugonjwa. Hadi wiki ya mwisho kila simu ilipolia aliuliza ni nani.

Tulipokaa naye kupanga mambo haya, Davis aliuliza kuhusu orodha ya wafiwa watakaotajwa mwishoni, kwa kuwa kwenye harusi Hafidhi aliandikwa. Wengine tulisema jina hilo lisitamkwe mahali hapa. Marehemu alisikiliza, kisha akasema, "Kwenye orodha msimwandike. Lakini msiandike pia kwamba hakuwepo. Hamjapima. Acheni wazi."

Timotheo Sefania Shemkole alifariki dunia nyumbani kwake Mlalo, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka 59.

Ameacha mjane, Klara, watoto, Jackline, Davis na Loyce, wajukuu wawili, ndugu zake Faustine, Jenoveva na Yunis, binamu na mtani wake Athumani, ambaye leo ndiye aliyetandika turubai, na

........................................

Lala salama, Timotheo, mikononi mwa Bwana anayejua yasiyopimwa. Sisi tuliokuwa chini ya turubai lile tunajua kwamba mvua ilinyesha.