Mkomamanga wa Dirisha la Wazazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza bustani ya hospitali yetu, Fundi Bandeji anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Jina lake la kwenye faili analijua karani wa utumishi peke yake, na hata yeye husahau.

Bandeji tulimwita sisi wa chumba cha kufulia. Kila baada ya dhoruba alitujia asubuhi, kofia mkononi, kuomba mashuka yaliyochakaa. Tawi likivunjika likabaki linaning'inia kwa gome, yeye halikati. Hulinyanyua taratibu, hulirudisha mpaka jeraha lifumbe, hulifunga vitambaa na kulitegemeza kwa kijiti chenye panda.

Hakuzaliwa akijua. Mwaka wake wa kwanza alifunga mwaridi wa getini kwa waya, akakaza kama anafunga mzigo. Waya ukala gome, tawi likafa. Wiki nzima alipita mlango wa nyuma asilione. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu hapo ni kitambaa tu, na siku ya kukilegeza huiandika kwenye kalenda ya stoo.

Zipo asubuhi tulizofika tukakuta ukungu umetanda, maji yanadondoka polepole, na bustani nzima imefungwa vitambaa vyeupe, kimya, kama wodi iliyopata usingizi. Tulisimama madirishani tukasahau kazi. Daktari mmoja mgeni aliuliza kama na wale ni wagonjwa wa zamu yake.

Dhoruba ya Machi iliupasua mkomamanga ulio dirishani pa wodi ya wazazi mpaka karibu na shina. Wakubwa wakasema ung'olewe. Fundi, mtu asiyebishana hata na kuku, alikataa. Wanawe wanne walizaliwa nyuma ya dirisha lile, na mkewe husema uchungu ulipozidi alihesabu maua ya mti huo. Akaufunga kwa shuka zima. Sasa umechipua, lakini haufunguliwi kabla ya Septemba, na hilo linamnyima raha. Juzi alimwambia muuguzi mkuu, "Mkiwahi kufungua utapasuka tena. Mkichelewa, shuka litaunyonga." Kisha akageuka kufuta macho, akasingizia vumbi.

Fundi, asante kwa kila tawi. Nenda kale vizuri, ukalale mchana, mama watoto akuchoke kidogo. Shuka hatuligusi. Kalenda yako inasema Septemba 12. Mlinzi ameshaambiwa akufungulie geti siku hiyo, na mkasi wako uko kwenye msumari wake. Mgonjwa anakusubiri.