Mgongo wa Ubaldina Sepúlveda

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Ubaldina Sepúlveda, aliyetutoka Jumapili hapa Bogotá. Kazi yake katika tamthilia ilikuwa kuangalia picha zisipingane. Watu wawili wakizungumza mezani, kamera humchukua mmoja kwanza, mwenzake baadaye. Vipande vikiunganishwa, kahawa iliyokuwa nusu kikombe lazima ibaki nusu, na macho yakutane. Alikuwa mkali, jamani! Ukigusa kikombe chake, utajuta kuzaliwa.

Siku ninayoisimulia nilikuwepo, nikishika maikrofoni. Asubuhi, katika mazungumzo ya watu wawili, tulimaliza upande wa mwigizaji wa kiume. Ulibaki upande wa Yolima Arboleda, nyota wetu, na sehemu hiyo ilitakiwa hewani jioni ileile. Simu ikaita. Baba yake Yolima yu mahututi, hospitalini katika mji wa Tunja.

Don Eliécer, mtayarishaji wetu, akaifunika simu kwa kiganja. "Asiambiwe mpaka tumalize. Akilia, macho yatavimba. Si wewe, Ubaldina, unayetaka sura ifanane?"

Pembeni, Yolima alikuwa anacheka na msusi wake.

"Eliécer, wewe una baba?" Ubaldina akamuuliza.

"Usinianze! Tukikosa kipindi, kesho sote tuko mtaani."

"Basi tutakutana huko mtaani."

Akamwendea Yolima. "Mwanangu, chukua koti. Baba anaumwa sana. Gari liko mlangoni."

Yolima akapiga yowe, akatoka mbio. Don Eliécer akafoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ubaldina akavaa gauni la akiba la Yolima, likambana kwelikweli. Akasukwa, msuko ukalazwa bega la kushoto kama wa asubuhi. Akaketi, akaipa kamera mgongo. Tukamrekodi mwanamume upya, kamera ikiwa nyuma ya bega la Ubaldina. Sauti ya Yolima tuliitoa kwenye mazoezi ya asubuhi. Ndiyo, wapendwa, mgongo ule ulioiliza nchi nzima ulikuwa wa Ubaldina. Kipindi kikaenda hewani. Mimi mwenyewe nililia, na nilijua ni nani.

Kwa binti yake Nohemí, na kwa familia yote, poleni sana. Tunalia nanyi.

Nasi tutafakari. Mwenye mzazi amtafute leo, kazi itasubiri. Jana Yolima aliniambia: "Nilimkuta baba ana fahamu. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanigombeza. Alinigombeza mpaka akalala, na hakuamka tena."