Mtoto Wangu Amekwama Kwenye Paa

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, asalaam aleikum. Mimi ni Theopista Zebedayo Mponda, dada wa marehemu, mkunga mstaafu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu, Mwalimu Agapiti, kabla hatujamsindikiza makaburini. Nimepewa karatasi iliyoandikwa na kamati ya mazishi, ni karatasi safi, imepigwa chapa vizuri, nami nitaifuata mahali inaposema kweli, na mahali inapoona haya nitaiweka kando na kusema mwenyewe, kwa hiyo atakayesikia nimetoka nje ya mstari asimkonyeze padri, anivumilie.

Marehemu Agapiti Zebedayo Mponda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 katika kijiji cha Mwaya, Mahenge, wilaya ya Ulanga, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Zebedayo na Mama Yustina, ambao wote wametangulia. Alianza darasa la kwanza hapohapo Mwaya mwaka 1979, akamaliza la saba mwaka 1985, akasoma sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1989, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mkoani Morogoro, alikohitimu mwaka 1992. Kamati imeandika hapa kwamba alikuwa mtoto mtulivu. Hakuwa mtulivu hata kidogo, alifungua saa ya baba akabakiza vyuma viwili ambavyo hakujua vinarudi wapi, na baba alipokwenda kukata fimbo, mtoto akamjibu kwamba saa inakwenda bila hivyo vyuma, na kweli ilikwenda.

Mwezi Septemba 1992 aliajiriwa na kupangiwa Maparoni, huku deltani, akafika na sanduku lake kwa boti akakuta nyumba ya mwalimu haina paa. Bibi Siti binti Mohamedi, mkulima wa mpunga, akampa dungu lake la shambani alale, na kwa ninyi mliokuja na basi kutoka bara, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, maji yapite chini, na nguruwe akija kula mpunga asikukute usawa wake. Bibi Siti alimpa na kanuni moja tu, kwamba giza likiingia avute ngazi juu ailaze sakafuni pembeni yake, akamwambia, "Mwalimu, ngazi juu, weye ndani, hapo ndo umefika kwako." Bibi Siti yupo, amekuja na boti pamoja na miguu yake inayouma, amekaa pale na akina mama, na yeye hakuhitaji kusomewa karatasi ili amjue Agapiti.

Tarehe 5 Julai 1997 marehemu alifunga ndoa takatifu na Consolatha Njohole wa Ifakara, wifi yangu huyu aliyekaa mkekani, ambaye nimegombana naye kadiri mawifi wanavyotakiwa kugombana, na Mungu akawajalia watoto wawili, Zebedayo na Adelina. Mwaka 2008 alihamishiwa Kibiti mjini, akafundisha hisabati hadi ugonjwa ulipomkalisha.

Sasa nimefika kwenye mstari ulionitoa usingizini. Kamati imeandika, nanukuu, "Enzi za uhai wake marehemu alikuwa mwanamichezo mahiri." Mwanamichezo! Mnaomfahamu mmeinama mnacheka, chekeni tu, msiba wa Agapiti una ruhusa. Mtu ambaye walimu wakicheza mpira alikuwa analindishwa mashati, mtu ambaye hajawahi kukimbia hata mvua, leo kamati imemvisha jezi ndani ya jeneza, kwa sababu kuna watu wazima wenye suti ambao wanaona aibu kutamka kwamba Mwalimu Agapiti alikuwa akijenga vijumba kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea. Nimetamka mimi, na turubai halijaanguka.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2010 wageni wa ughaibuni walileta shuleni makasha ya msaada, mna makoti ya baridi, hapa Kibiti, na mna katoni ya vitofali vya rangi rangi, vile vyenye vinundu juu ambavyo unapachika kimoja juu ya kingine, bila karatasi ya maelezo, nusu yake vikiwa vimegandana. Watoto wakavitazama wakarudi kwenye mpira wao, walimu wakavitia stoo, naye akamwomba mwalimu mkuu, akaruhusiwa, akavibeba kwenye baiskeli, na siku hiyo ndipo nilipompoteza mdogo wangu. Alianza kwa kuvibandua kwa meno, likavunjika la mbele, na lile pengo mlilokuwa mkiliona akicheka limetokana na hilo, habari ya ajali ya pikipiki aliwadanganya.

Nisieleweke vibaya. Mimi vitofali sivipendi, sikuvipenda jana na kesho sitavipenda, nimevikanyaga pekupeku jikoni kwa wifi nikaita watakatifu ambao Kanisa halijawatangaza. Lakini niliowadharau zaidi ni wale aliokwenda kuwauliza. Aliingia mtandaoni, akakuta huko watu wazima wenye mvi na nyumba zao, wamejazana kwenye majukwaa wanajadili vitofali kwa uzito ambao sisi tunauweka kwenye mirathi, wamejiwekea na sheria, kwamba gundi haramu, kukata kipande haramu, kitofali cha kiwanda kingine najisi, na mgeni akibisha hodi anaulizwa kwanza namba ya boksi lake, jina baadaye. Watu wamekosa shida, wakaamua kuzitengeneza. Mwaka 2014 Agapiti akajenga dungu la Bibi Siti, nguzo, paa, kitanda, na ngazi imelazwa juu sakafuni, akalipiga picha akawapelekea, wakamjibu kwamba nyumba ina miguu mirefu kupita kiasi, na kwamba amesahau kubandika ngazi, sasa wakazi watashukaje. Akawaeleza, kwa Kiingereza chake safi, kwamba ngazi ikiwa juu maana yake wenyewe wamo ndani wamelala. Mmoja akaikuza picha, akagundua nguzo mbili ni za kiwanda kingine, zile zinazouzwa gulioni hapa Kibiti, na msimamizi wa jukwaa akaifuta. Mtu hajawahi kumsikia nguruwe akijikuna kwenye mguu wa kitanda chake, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka huko alikokaa, anamfundisha Agapiti dungu! Mdogo wangu alicheka na pengo lake, mimi ndiye niliyekosa hamu ya kula.

Basi mwaka 2016 akafungua ukurasa wake mwenyewe, kwa Kiswahili, akauita Kitofali Hakitupwi, akafundisha humo kwamba usibandue kwa meno, pachika kipande kirefu juu ubinue kama unavyobinua kizibo cha soda, kwamba vitofali vya mtumba vinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kuanikwa kivulini, maana jua linavipausha, na kwamba kama huna kipande, jenga bila hicho kipande, nyumba itasimama. Kiwanda chochote kiliruhusiwa. Watu wakaja, na hapa ndipo dharau yangu ilipopata chakula cha kutosha.

Maana kwenye ukurasa ule, ndugu waombolezaji, hakukuwa na mtu mzima hata mmoja anayejenga. Wote walikuwa wanauliza kwa niaba ya mtoto. "Mwalimu, mwanangu anauliza dirisha linakaa vipi." "Mwalimu, mtoto amepoteza mlango." "Mwalimu, mtoto wangu amekwama kwenye paa." Mimi nimezalisha akina mama tangu nikiwa msichana hadi serikali iliponiambia basi inatosha, mtoto aliyezaliwa namjua na asiyezaliwa namjua. Watoto wale hawakuumwa, hawakwenda shule, hawakukua, mwaka hadi mwaka wako palepale kwenye paa. Nikamwambia Agapiti, hawa ni madume yenye familia zao, yanajificha nyuma ya kichanga cha uongo, wafukuze. Akanijibu kwamba ukimwambia mtu unamjua ataondoka, mwache aulize kwa mdomo alionao. Na kila jibu aliandika hivyohivyo, mwambie mtoto afanye hivi, mwambie mtoto asikate tamaa, bila kumcheka mtu, jambo ambalo mimi nisingeliweza kwa siku moja.

Juni 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anapelekwa Dar es Salaam kusafishwa damu kila wiki, na Januari 2024 nikahamia hapa kumsaidia wifi. Mlango wa uani nilikuwa naufungua mimi. Nikawaona kwa macho yangu, wanakuja kumjulia hali mgonjwa, wanakaa dakika mbili sebuleni, kisha wanazunguka uani, kwenye chumba chake cha vitofali, na wanatoka mifuko inalia. Alikuja fundi wa kuchomelea mageti, alikuja muuza nyama, alikuja bwana mmoja wa ofisini mwenye tai, kila mmoja anasema ni vya mtoto. Na alikuja mmoja ambaye amebeba begi la shule la chekechea, lenye picha ya sungura, akaomba vipande vya mteremko, vya paa. Nikamuuliza mtoto yupi, kwa sababu kitinda mimba wake ni askari magereza kule Lindi na ana ndevu. Akasema, Dada, ni wa jirani.

Jumapili iliyopita, akiwa kitandani na sinia mapajani, Agapiti alimaliza dungu lake la mwisho, akailaza ngazi juu. Usiku wa kuamkia Jumanne alizidiwa, akakimbizwa hospitali Dar es Salaam, na alfajiri ya tarehe 11 Februari 2025 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, na chumba cha uani kilichojaa vitofali hadi dirishani.

Karatasi ya kamati inaishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Jana mchana kamati ilikaa, na kwa sauti moja ikaamua kwamba tukitoka makaburini chumba kile kifunguliwe, vitofali vitolewe vyote vichomwe moto, kwa sababu mtaani wanasema mwalimu alikuwa anafuga majini, yaani vile vijitu vidogo vya plastiki vinavyokuja na vitofali, vyenye kichwa kinachochomoka na nywele zinazovuliwa kama kofia, na kwa sababu ukoo utachekwa. Mjane hakuulizwa. Consolatha alikuwa ndani anavaa kaniki, na chumba ni chake, na Adelina, ambaye baba yake amemfundisha kuhesabu kwa vitofali vile, alilia hadi sauti ikakauka. Galoni la mafuta ya taa liko nyuma ya banda la kuku, nimeliona, mnalijua. Na katika kikao hicho waliokaa, ndugu zangu, nilipowatazama sura, wengi niliwahi kuwafungulia mlango wa uani.

Sitamtaja mtu, marehemu hakumtaja mtu. Ila natangaza kwa niaba ya mjane, na amenituma. Tukirudi, chumba kitakuwa wazi. Yeyote anayetaka kipande akachukue, kwa sharti moja, aseme kwa mdomo wake kwamba ni changu. Asitume mtoto, asije kwa niaba ya mtoto, vya jirani havipo. Na kama hakuna mwenye haja hata mmoja, basi ni kweli Agapiti alikuwa peke yake, moto uwashwe, na kiberiti nitawasha mimi ambaye sivipendi, ninyi mnaovipenda mtanisimamia mnitazame.

Inanipasa kushukuru. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na madereva waliompeleka na kumrudisha bila kumrusha kwenye matuta. Tunawashukuru majirani, Waislamu kwa Wakristo, kwa maji, kuni, sufuria na turubai hili. Tunawashukuru walimu wenzake waliomshikia vipindi mwaka mzima na kuandika jina lake kwenye ratiba kana kwamba atarudi Jumatatu. Tunamshukuru Bibi Siti kwa dungu. Kamati tunaishukuru kwa karatasi na kwa wali, kwa mengine tutaonana.

Namwona mwenyekiti wa kamati, binamu yetu Sosteni wa Nyamwage, amesimama. Sosteni, ratiba yako uliyoipanga mwenyewe inasema salamu za kamati baadaye, lakini sema.

Walio nyuma ya turubai hamkusikia, sauti yake imekuwa ndogo, nawarudishia. Amesema hakuna mtoto wa jirani. Amesema paa ni lake yeye, na bado halijaisha.

Kaa chini, Sosteni, kaa. Mwenye miguu miepesi alirudishe galoni jikoni, kuna wageni hawajala.

Naye fundi amesimama, na bwana wa tai, jamani subirini, huu si mnada, mtaingia mmoja mmoja.

Agapiti mdogo wangu, umesikia, mtoto aliyekuwa amekwama kwenye paa ameshuka. Vuta ngazi yako sasa, uilaze hapo pembeni, umefika kwako. Pumzika.