Msumeno Hausikilizwi kwa Simu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Mama Damari. Viongozi mlioambatana naye. Wafanyakazi wenzetu: kamwene!

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa kiwanda hiki cha mbao, hapa Mafinga, tunakukaribisha kuzindua tanuri la kukaushia mbao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tunausema msemo huu tukiwa na hofu, Mama.

TULIKOTOKA

Zamani ofisi ilikuwa hapa hapa, jirani na msumeno mkubwa. Ukiwa na neno, unajipangusa vumbi la mbao, unabisha hodi. Miaka mitatu sasa viongozi wanafanyia kazi majumbani. Meneja uzalishaji, Bwana Adrian, yuko Mbeya. Cheo cha msimamizi wa zamu kilifutwa, na ruhusa zote zikahamia kwenye kundi la WhatsApp.

MAFANIKIO

Mazuri yapo, hatukatai. Likizo tunaomba kwa simu, jibu linakuja siku hiyo hiyo. Bwana Adrian naye anamuuguza mama yake huku akifanya kazi, na hilo tunalifurahia kwa dhati.

CHANGAMOTO

Ni moja, Mama, na ina jina. Zabron ameendesha msumeno mkubwa miaka kumi na tisa. Jumanne iliyopita aliweka kiganja kwenye meza ya magogo, kama afanyavyo kila asubuhi, akasikia inatetemeka vibaya. Kwa utaratibu wetu mashine haizimwi bila ruhusa, basi akarekodi sauti, akaituma. Jibu la Bwana Adrian likaja: "Sauti ya kawaida. Endeleeni."

Zabron akamtazama Tumpe, aliyekuwa upande wa pili akipokea mbao.

"Yeye yuko Mbeya," akasema, "mikono ya huyu dada iko hapa." Akazima.

Tulipofungua tukakuta msumeno umepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Tulituma picha, hakuna aliyejibu. Jioni Zabron akapokea ujumbe wa kusimamishwa kwa kuzima mashine bila ruhusa. Juzi kikao chake cha nidhamu kilifanyika kwa video. Mtandao ukakatika kabla hajajieleza, wakaandika kwamba hakuhudhuria. Jamani! Mtu alivaa koti lake la harusi, akakaa mbele ya simu tangu saa moja asubuhi!

Kesho anaachishwa kazi. Nasi kila tukiwasha msumeno tunaogopa, maana hatujui nani atathubutu tena kuuzima.

MAOMBI

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatuombi wakubwa wote warudi. Tunaomba kila zamu iwe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuzima, awe amesimama hapa hapa. Na Zabron asikilizwe ana kwa ana, leo.

Mama, nakala iliyo mezani kwako haina changamoto wala maombi haya. Tuliituma ofisini ipitiwe, ikarudi imekatwa. Hii anayokusomea mwenzetu Tekla tumeiandika upya kwa mkono, na tumesaini sote ili asije akaadhibiwa peke yake.

Mungu akulinde safarini, na ailinde mikono ya wote watakaofanya kazi kwenye tanuri hili. Kabla hujakata utepe, tunakuomba ufike getini. Zabron yuko pale tangu alfajiri. Mlinzi hana ruhusa ya kumfungulia, wewe unayo.

Ni sisi wafanyakazi wa kiwanda cha mbao: thelathini na watatu ndani, mmoja nje.